Jinsi ya kuanza utafiti wa vimeng'enya vya bakteria ukiwa Kisumu

Kila Jumapili jioni, kule Nyalenda, mtaa wa hapa Kisumu, mama alikuwa akipika uji mwepesi wa unga wa muhogo, akachovya kola za sare zetu, akazianika kwenye kamba. Jumatatu tulienda shule shingo zimekakamaa. Miaka mingi baadaye wanga kama ule ule ndio ulionionyesha, kwa macho yangu mawili, bakteria akiivunja penisilini. Tangu siku hiyo sijafanya kazi nyingine.

Wanafunzi wanaokuja kwenye maabara yetu kwa atachimenti huniuliza swali moja: "Daktari, mtu anaanzaje?" Wengi wamesoma baiokemia miaka mitatu na wanadhani utafiti wa vimeng'enya, vile vitu vya ndani ya viumbe vinavyoharakisha kemia yao (kwa Kiingereza enzymes), unahitaji mashine za ng'ambo. Mashine zinahitajika, sikatai. Lakini hazitangulii. Nitaeleza njia niliyopita mimi, pamoja na pale nilipoanguka.

Chagua kimeng'enya kimoja

Ukisema unataka kutafiti bakteria, hujasema kitu bado. Ni kama mtu kusema anataka kuvua, bila kusema kama anafuata omena au mbuta. Nyavu ni tofauti, saa za kutoka ni tofauti. Anza na mgonjwa. Uliza anaumwa nini, halafu uliza ni kimeng'enya gani kinachompa bakteria nguvu ya kumuumiza au ya kuikwepa dawa.

Chukua vidonda vya tumbo. Helicobacter pylori anaishi mahali penye asidi kali kwa sababu ana yureasi, kimeng'enya kinachovunja yurea na kutoa amonia, na amonia hiyo huipunguza makali asidi iliyomzunguka. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba bakteria huyo ndiye chanzo cha vidonda vingi. Yureasi ina historia ndefu kuliko hapo: mwaka 1926 James Sumner, kule Marekani, aliitoa kwenye maharagwe ikiwa fuwele safi, akaonyesha kwamba kimeng'enya ni protini. Wakubwa wa wakati huo hawakumwamini. Kimeng'enya cha aina hiyo hiyo, kikiwa ndani ya bakteria aitwaye Proteus kwenye njia ya mkojo, husaidia kujenga mawe ya figo.

Au chukua kipindupindu, ambacho sisi wa kandokando ya ziwa hatuhitaji kuelezwa. Sumu yake yenyewe ni kimeng'enya. Inaingia ndani ya seli za utumbo, inaibadilisha protini moja inayofanya kazi kama swichi, na swichi hiyo inabaki imewashwa. Seli zinamwaga chumvi na maji bila kukoma. Mtu akielewa hilo, anaelewa pia kwa nini maji ya chumvi na sukari yanaokoa maisha hata kabla antibiotiki haijafika.

Mimi nilichagua beta-laktamasi, kimeng'enya kinachompa bakteria nguvu ya kuikwepa dawa. Penisilini na ndugu zake, pamoja na seftriaksoni, antibiotiki inayotumika sana katika wodi zetu, wana pete ndogo ya pembe nne katika umbo lao. Nguvu yote ya dawa iko kwenye pete hiyo. Beta-laktamasi huifungua kwa kutumia maji, na dawa inakuwa haina kazi tena, hata ukimchoma mgonjwa sindano mara nne kwa siku. Edward Abraham na Ernst Chain wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, waliandika kuhusu kimeng'enya hicho mwaka 1940, na mgonjwa wa kwanza wa huko alianza kutibiwa kwa penisilini Februari 1941. Yaani tulijua bakteria ana ngao kabla hatujauinua mkuki.

Huku magharibi mwa Kenya jambo hili si la vitabuni. Bakteria wa Salmonella wasio wa taifodi huingia kwenye damu ya watoto wadogo, hasa wenye malaria au seli mundu, na wengi wa bakteria hao hawasikii dawa kadhaa kwa wakati mmoja. Profesa Sam Kariuki, kwa miaka yake mingi akiwa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, amewafuatilia Salmonella sugu wa Kenya, na kazi zake ni mahali pazuri pa kuanzia kusoma. Nilipokuwa mwanafunzi nilisimama kando ya kitanda cha mtoto mwenye bakteria aitwaye Klebsiella katika damu, siku ya tatu ya seftriaksoni, homa haijashuka. Nyanya yake aliniuliza, "Mwanangu, hii dawa imekwisha nguvu?" Sikuwa na jibu. Ningetaka wewe uwe nalo.

Kabla hujagusa sahani

Karatasi kwanza. Ukitumia sampuli za wagonjwa unahitaji idhini ya kamati ya maadili, kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na barua ya hospitali yenyewe. Anza mapema, kwa sababu muhula hauisubiri kamati. Kama bado huna vibali, fanya kazi na bakteria wa kumbukumbu, yaani wale ambao sifa zao zinajulikana, walio tayari katika maabara ya chuo. Na tafadhali, bakteria wa ugonjwa hawapandwi nyumbani, hata kwa siku moja.

Halafu jifunze hesabu ya kuzimua mpaka uifanye bila kalamu. Nimeona tasnifu nzuri zikiharibika kwa sifuri moja.

Jambo la tatu sikulikuta kwenye kitabu chochote cha darasani, nalo linatuhusu sisi hasa. Vitabu vinasema otoklevu, chombo cha kuulia vijidudu kwa mvuke, ifikishe pauni 15 za shinikizo ili ipate nyuzi 121. Hiyo ni kweli Mombasa. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na Nakuru karibu mita 1,850, na huku juu hewa ni nyepesi. Geji ya kawaida hupima tofauti kati ya mvuke wa ndani na hewa ya nje, hivyo pauni 15 Nakuru hazifiki nyuzi 121. Utahitaji karibu pauni 17 Kisumu na karibu 18 Nakuru, na Njoro zaidi kidogo. Nilisoma shahada yangu Njoro, na kwa muhula mzima agari yetu, ile rojo ya kuoteshea bakteria, ilikuwa inaota vitu ambavyo hatukuvipanda. Tulilaumiana sana, nani hakuvaa glavu, nani aliacha mlango wazi. Iamini thamometa ya ndani na utepe wa otoklevu unaobadilika rangi kwa joto, usiiamini geji peke yake. Na usivuke shinikizo ambalo chombo chako kimeandikiwa. Kama hakiwezi kufika, ongeza muda kwa ushauri wa mhandisi wa maabara.

Jaribio la kwanza: wanga unaopoteza rangi

Hapa ndipo ninapotaka ukae. Ni jaribio la zamani, la bei ya chini, na linakufundisha karibu kila kitu.

Umewahi kudondosha iodini kwenye ugali darasa la sita na ukaona ukigeuka buluu nyeusi? Basi nusu ya jaribio unaijua. Penisilini ikiwa nzima haiigusi iodini. Lakini pete yake ikishafunguliwa, asidi inayobaki huinyonya iodini, na iodini ikiisha, buluu ya wanga inaondoka. Ukiona rangi inapotea, kimeng'enya kimefanya kazi.

Tengeneza bafa ya fosfeti, maji yanayoshikilia kiwango kimoja cha asidi, yenye pH karibu 6. Chukua kichupa cha penisilini G cha yuniti milioni moja, kama kile cha sindano wodini, ukiyeyushe katika mililita 100 za bafa. Sasa una yuniti 10,000 kwa kila mililita. Igawe na uitumie siku hiyo hiyo. Penisilini iliyolala ndani ya maji mezani huanza kuvunjika yenyewe, na kesho itakudanganya. Wanga uwe asilimia 1, uchemshwe mpaka uwe angavu. Maabara hutumia wanga maalum unaoyeyuka, ila nikifundisha wanafunzi wa sekondari hupika wa muhogo, nikauchuja kwa kitambaa, na rangi inatoka vizuri tu. Iodini ni gramu 2 pamoja na gramu 53 za potasiamu iodidi katika mililita 100 za maji. Usishangae kwa iodidi kuwa nyingi hivyo. Bila hiyo iodini haiyeyuki vya kutosha.

Weka mililita 0.1 ya penisilini kwenye mrija mdogo. Chota koloni, yaani vishada vya bakteria vilivyoota kwenye agari, za jana, si za juzi, kwa kitanzi cha waya, uzikoroge humo mpaka maji yawe mazito kama uji wa mgonjwa. Kama ni Staphylococcus, chota zile zilizo ukingoni mwa duara tupu linalozunguka diski ya penisilini, kikaratasi chenye dawa kinachowekwa juu ya agari, kwa sababu wengi wao hawatengenezi kimeng'enya hicho kwa wingi mpaka waionje dawa. Acha nusu saa mezani. Dondosha matone mawili ya wanga, kisha tone moja la iodini, utikise taratibu kwa dakika moja.

Buluu itatanda yote. Usikate tamaa, tazama. Kwenye mrija wenye kimeng'enya buluu huanza kufifia kutoka chini, pale bakteria walipotulia, inakuwa zambarau, halafu kahawia hafifu, halafu nyeupe kama maji ya mchele. Mrija usio na kimeng'enya utabaki buluu hata dakika kumi zipite. Mara ya kwanza nilipoona hivyo niliita kila mtu aliyekuwa kwenye korido, hadi mama aliyekuwa akipiga deki.

Sasa kosa langu. Nilipima bakteria 60 kwa wiki tatu na karibu wote walipoteza rangi. Nilifurahi, nilianza kuandika kwamba beta-laktamasi imeenea kote. Fundi mmoja wa maabara, mzee aliyekuwa amebakisha miezi michache astaafu, alipitia daftari yangu akiwa amesimama, akauliza swali moja: "Binti yangu, mrija usio na dawa uko wapi?"

Haukuwepo. Nilikuwa nikikwaruza koloni kwa pupa, nikizoa na agari yenye damu chini yake. Protini na vitu vingine vya kwenye agari huinyonya iodini vilevile. Alinipikia wanga, akadondosha iodini, halafu akakamulia ndimu aliyoitoa kwenye chakula chake cha mchana. Buluu ikatoweka mara moja. Hapakuwa na bakteria humo, wala penisilini, ni vitamini C tu. Hakusema zaidi. Nilitupa kurasa zote zile, nikaanza upya, na nilipomaliza idadi ilikuwa imeshuka sana.

Jaribio la ndimu unaweza kulifanya jikoni kwenu leo, na ninakuomba ulifanye kabla hujaja maabara. Kisha kila siku ya kazi, kabla ya sampuli yoyote, panga kontroli hizi, yaani mirija ya kulinganishia: mrija wa penisilini bila bakteria, mrija wa kila bakteria katika bafa tupu, bila penisilini, bakteria unayejua ana kimeng'enya, kwa mfano Staphylococcus aureus ATCC 29213 (ATCC ni hifadhi ya bakteria ya Marekani, na namba ni ya bakteria husika), na unayejua hana, ATCC 25923. Mmoja wao akikataa kutoa jibu linalotarajiwa, siku hiyo hakuna matokeo. Funga, osha vyombo, tafuta sababu.

Ujue pia jaribio hili lisichoweza. Halitakuambia ni beta-laktamasi ya aina gani. Ukitaka kujua kama Klebsiella au E. coli wako ana ile ya wigo mpana, inayovunja hata sefotaksimu na seftazidimu, tumia diski za dawa hizo, zikiwa peke yake na zikiwa pamoja na asidi ya klavulani, inayoizuia beta-laktamasi. Duara likiongezeka kwa milimita 5 au zaidi palipo na klavulani, unaye. Kontroli zako hapo ni Klebsiella pneumoniae ATCC 700603 kwa upande mmoja na E. coli ATCC 25922 kwa mwingine.

Kutoka rangi hadi namba

Rangi ni ya kukuvuta. Utafiti wa kimeng'enya huanza unapouliza: kwa kasi gani?

Hapa utahitaji spektrofotometa, mashine inayopima rangi kwa mwanga, na utahitaji nitrosefini, dawa ya kupimia ambayo ni njano ikiwa nzima na nyekundu ikivunjwa. Unaisoma kwenye nanomita 486. Ni ghali, haipendi mwanga, na hakuna sababu ya kuinunua kwa wingi. Igawe kwenye mirija midogo, ifunge kwa karatasi ya fedha, igandishe. Andaa viwango vinane tofauti vya nitrosefini, kuanzia kidogo sana hadi kingi, kila kimoja mara tatu, na usome mwendo wa dakika ya kwanza tu, kabla dawa haijapungua. Chora kasi dhidi ya kiwango. Mstari utapanda, utapinda, utalala. Leonor Michaelis na Maud Menten walieleza mpindo huo mwaka 1913, na kiwango cha dawa ambapo kasi ni nusu ya kilele ndicho tunachokiita Km. Km ndogo maana yake kimeng'enya kinaishika dawa hata ikiwa chache. Kwa daktari wa wodini hiyo ni habari nzito.

Kitakachokusumbua ni joto. Maabara isiyo na kipoza hewa hapa Kisumu huwa na ubaridi kidogo saa mbili asubuhi, na kufikia saa tisa alasiri inakaribia nyuzi 30. Vimeng'enya vingi huongeza kasi karibu maradufu joto likipanda nyuzi 10. Niliwahi kuwa na mistari miwili mizuri ya kimeng'enya kimoja isiyolingana, nikafikiri nimepata aina mpya. Nilipotazama pembeni mwa daftari nilikuta nimeandika saa: mmoja wa asubuhi, mmoja wa alasiri. Sasa napasha bafa yote kwenye beseni la maji la nyuzi 37 kwa dakika 15 kabla ya kuanza, na ninaandika joto la chumba hata kama halionekani kuwa na maana.

Ukishapata namba inayojirudia, ongeza asidi ya klavulani kidogo kidogo, uone kasi ikifa. Klavulani humezwa na kimeng'enya kama dawa nyingine, ila humkwama mmezaji kooni. Siku utakapoona mstari unalala chini, utaelewa kwa nini amoksilini hufungashwa pamoja nayo. Na ukikuta bakteria ambaye mstari wake haulali, usimwache. Huyo ndiye wa kuandikiwa makala.

Friza, daftari na watu

Kila bakteria uliyempata, mhifadhi katika gliseroli ya asilimia 20, mirija miwili, friza mbili, majengo mawili. Hilo la majengo mawili si mapambo. Katika taasisi moja niliyofanyia kazi stima ilipotea Ijumaa usiku, jenereta haikuwa na dizeli, na aliyekuwa zamu hakumpigia mtu simu. Jumatatu tulikuta maji sakafuni. Bakteria wa miaka minne, wengi kutoka kwa watoto ambao hatutaweza kuwapata tena. Ninaandika hili na bado linaniuma.

Daftari iwe na kurasa zilizoshonwa na kurasa zihesabiwe. Ukikosea, piga mstari mmoja ili kosa lisomeke.

Msimamizi mchague kwa kuwauliza wanafunzi wake, si kwa wingi wa makala zake. Waulize: anasoma rasimu kwa muda gani? Jina la mwanafunzi hukaa wapi kwenye makala? Ukipita vyuo vikuu vya Maseno, Masinde Muliro kule Kakamega, Egerton au kwenye vituo vya KEMRI hapa Kisian, utakuta watu wanaojua kazi hii vizuri na walio tayari kufundisha. Mtafute pia fundi mzee zaidi wa maabara hiyo, umsalimie kila asubuhi, umwonyeshe daftari yako kabla ya kumwonyesha profesa.

Fedha huja polepole. Omba ruzuku ndogo kwanza, kwa swali dogo lenye kontroli zake zote, na ulimalize. Wasomaji wa maombi wanatambua mtu aliyewahi kumaliza kitu.

Na matokeo yarudi wodini. Mimi huandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, bila Km wala mipindo: bakteria wangapi, kutoka wodi gani, dawa ipi wanaivunja na ipi bado inawashika. Ninaupeleka mwenyewe, kwa miguu, kwa daktari na kwa muuguzi mkuu. Mara ya mwisho muuguzi aliubandika ukutani juu ya meza ya dawa, akaniuliza kama naweza kuleta mwingine baada ya miezi mitatu. Ndiyo kazi iliyo mezani kwangu wiki hii.

Ukija kwetu Jumatatu, uwe umeshafanya lile la ndimu. Njoo na daftari, kalamu isiyofutika na viatu vinavyofunika vidole. Wanga nitaupika mimi.